Wacheni Kutuambia Matumbawe "Yatazoea"

Kuna sentensi inaniudhi kuliko "stima itarudi saa hii". Ni hii: "Matumbawe yanajifunza kuzoea joto, sayansi imethibitisha." Umeiona. Inakuja na video ya sekunde 30, samaki wa rangi wanapita, piano inalia kwa mbali, halafu jamaa wa sauti nzito anakuambia kuna matumbawe sugu yenye jeni za ajabu, kwa hivyo tulia, maumbile yana akili. Watu wanabonyeza moyo, kidole kinapanda, video inayofuata ni ya mtu anapika chapo.

Shida yangu si kwamba hiyo sayansi ni ya uongo. Ni ya kweli, tena ni tamu kuliko hiyo video. Shida ni kwamba imekatwa katikati, nusu ya kufurahisha ikaletwa kwetu, nusu ya pili ikaachwa kwa maabara. Na nusu ya pili ndiyo inatuhusu.

Najua swali. Wewe ni msee wa Lucky Summer, bahari iko kilomita karibu 500, umeingilia wapi? Nitafika hapo, na nikifika hutapenda. Kwanza tuelewane tunazungumzia nini.

Tumbawe si jiwe na si mmea. Ni mnyama. Wale wadudu wadogo, polipu, wanaishi kwa maelfu wakiwa wameshikana, wanajenga mifupa ya chokaa chini yao, na hiyo mifupa ikirundikana karne kwa karne ndiyo unaiita mwamba. Fort Jesus ilijengwa kwa mawe ya aina hiyo, kuanzia 1593. Nyumba za kale za Lamu pia. Kwa hivyo ukienda trip ya shule Mombasa ukaegemea ule ukuta kupiga picha, umeegemea mizoga ya wanyama. Karibu.

Sasa, ndani ya seli za huyu mnyama kuna mpangaji. Mwani mdogo sana, wa kuonekana kwa hadubini tu. Mwani unapika kwa mwanga wa jua na unalipa kodi kwa chakula: sehemu kubwa sana ya nguvu za tumbawe, hadi asilimia 90 kwa aina zingine, inatoka kwa huyu mpangaji. Rangi nyingi unazoona pia ni zake. Mpangilio huu uko sawa hadi maji yapate joto. Na si joto la kutisha. Nyuzi moja tu juu ya kawaida ya mwezi wenye joto zaidi, ikikaa wiki kadhaa, inatosha. Mitambo ya mwani ya kunasa mwanga inaanza kuvuja, inatoa oksijeni ya aina mbaya, ile inayochoma kila kitu inachogusa ndani ya seli. Mpangaji sasa ni jiko linalovuja gesi. Tumbawe linamfukuza. Linabaki jeupe, mifupa inaonekana kupitia ngozi. Hiyo ndiyo kupauka. Hapo bado halijafa, lakini limefukuza mpishi na njaa imeanza kuhesabu siku.

Kabla ya kufika hapo, jeni zinapigana. Hii ndiyo sehemu naipenda.

Fikiria yai. Ukilichemsha halirudi kuwa bichi, kwa sababu protini zake zimekunjuka na kushikana ovyo. Joto linafanya kitu kama hicho ndani ya seli, polepole. Kwa hivyo tumbawe likihisi joto linawasha jeni za protini za mshtuko wa joto. Kazi ya hizo protini ni ufundi: zinashika protini zingine zisiharibike umbo, zilizoharibika zinakunjwa upya, zisizofaa zinapelekwa kuvunjwa. Jeni zingine zinaleta vimeng'enya vya kuzima ile oksijeni mbaya. Zingine zinaamua seli gani ijiue ili jirani zake wapone. Mamia ya jeni yanapanda na kushuka ndani ya saa chache. Mnyama hana ubongo, hana mahali pa kukimbilia, amegandishwa kwa mwamba, na bado anaendesha kikao cha dharura cha jeni mamia. Heshima.

Halafu mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi kisiwa cha Ofu, Samoa ya Marekani, wakachapisha kitu cha ajabu. Pale kuna madimbwi mawili ya bahari yaliyo karibu. Moja lina joto la kupanda sana maji yakikupwa, linaweza kupita nyuzi 34. La pili limetulia kiasi. Aina ya tumbawe ni ile ile. Wakachukua vipande kutoka pande zote mbili, wakavitia joto sawa, wakasoma jeni. Ungetegemea matumbawe ya dimbwi la moto yawashe jeni zaidi, si ndio? Hapana. Kwa jeni 60 hivi za kupambana na joto, yalishtuka kidogo kuliko wenzao. Sababu: zilikuwa tayari zimewashwa. Kila siku. Hata siku ya baridi.

Mtu wa Eastlands hahitaji kuelezwa hii mara mbili. Kuna nyumba ambayo maji ikipotea ndio watu wanatafuta mitungi, wanakimbizana na mkokoteni, bei imeshapanda. Na kuna nyumba ya yule mathe ambaye mitungi yake imejaa Jumatatu hadi Jumapili, maji ikuwe ikosekane. Siku ya mgao, nyumba ya kwanza ni kelele na ya pili ni kimya. Ukipita na kipimo cha kelele utasema mathe hajafanya chochote. Kumbe alifanya kitambo.

Sawa. Hapo ndipo video ya piano inaishia. Sasa nusu ya pili.

Swali la kwanza ambalo hakuna mtu anauliza: mitungi inakaa wapi? Inakaa ndani ya bedsita. Imekula nafasi ya kitanda cha mtoto. Tumbawe linaloishi na jeni za dharura zikiwa zimewashwa muda wote linatumia nguvu ambayo lingejengea mifupa au kutengenezea mayai. Kuna njia ingine ya kustahimili: tumbawe linaweza kubadilisha mpangaji, likachukua mwani wa jamii inayoitwa Durusdinium, ambao unavumilia joto. Linapona. Lakini huyo mpangaji mpya mara nyingi analipa kodi kidogo, na tumbawe linakua polepole zaidi. Yaani kila ujanja wa kuishi una bili yake, na bili inalipwa na tumbawe, si na aliyepandisha joto.

Swali la pili: jeni zinapatikana vipi? Haziagizwi mtandaoni. Mwaka 2015 kuna utafiti ulitoka Australia, walizalisha matumbawe ya sehemu yenye joto na ya sehemu yenye baridi zaidi ya Great Barrier Reef. Watoto wenye wazazi wa upande wa joto walikuwa na uwezekano hadi mara 10 zaidi wa kupona wakitiwa joto kali, na mchango wa mama ulikuwa mkubwa. Habari nzuri sana! Ila soma tena: ili mtoto arithi, lazima kuwe na mzazi aliyebaki hai, amekomaa, ana afya ya kutosha ya kutoa mayai. Tumbawe linachukua miaka kadhaa kufika hapo. Miaka ya themanini mwanzoni, mwamba ungepata pigo kubwa la joto mara moja kwa miaka 25 hadi 30. Kufikia miaka ya 2010 pengo lilikuwa limeshuka hadi takriban miaka 6. Ni kama kumwambia mtu arudie mtihani wakati karatasi ya pili inagawiwa kabla hajamaliza kuandika jina kwa ya kwanza.

Na kuna kikomo. Jeni hazichezi nje ya kile zilicho nacho. Paneli ya wanasayansi ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa ilisema waziwazi mwaka 2018: dunia ikipanda nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya miamba ya matumbawe inapotea. Ikipanda 2, zaidi ya asilimia 99. Hizo namba ziliandikwa na watu wanaojua vizuri kabisa kwamba jeni sugu zipo.

Tuje nyumbani. Mwaka 1998, wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, El Niño ilichemsha Bahari ya Hindi na pwani ya Kenya ikapauka vibaya. Sehemu nyingi zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Mwaka 2016 joto la kukaribiana na lile likarudi, na mtafiti Tim McClanahan, ambaye amekuwa akihesabu matumbawe yetu kwa miongo, akalinganisha miaka hiyo miwili ndani ya hifadhi za bahari za Kenya. Takriban nusu ya jamii za matumbawe alizozipima zilipauka kidogo kuliko 1998.

Hapo mtu wa video anaruka juu: umeona, yamezoea! Ngoja buda. Kuna njia tatu za kupata jibu kama hilo. Labda matumbawe yale yale yalijifunza kuwasha jeni mapema. Labda yalibadilisha mwani. Au labda, na hii ndiyo inaniuma, dhaifu walikufa 1998 na uliyekuja kuhesabu 2016 ni watoto wa waliobaki. Njia hizo zinaweza kufanya kazi pamoja. Lakini ile ya tatu haiitwi kuzoea. Ukienda mahali palipoungua, ukawauliza waliotoka salama kama moto ni mbaya, watakuambia walitoka salama. Na kuna jamii zingine hazikubadilika hata kidogo. Hizo hazina video.

Halafu 2024 joto likapanda tena, na mwezi wa Aprili wanasayansi wakatangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Kufikia 2025 walisema zaidi ya asilimia 80 ya miamba ya dunia ilikuwa imeguswa na joto la kiwango cha kupausha. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2021, timu iliyoongozwa na David Obura, Mkenya, wa CORDIO pale Mombasa, ilikuwa imeonyesha kwamba miamba ya Bahari ya Hindi ya magharibi, kanda zote 11 walizozipima, iko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Zote. Si kumi, na moja ikaepuka.

Sasa mbona nakasirika kama ni mambo ya chini ya maji? Kwa sababu hilo neno nalijua. Ustahimilivu. Nimelisikia maisha yangu yote likielekezwa kwangu.

Mvua ya Aprili na Mei 2024 ilipobeba watu na nyumba Mathare, kilomita chache kutoka hapa, tuliambiwa sisi ni watu wastahimilivu. Baadaye kidogo trekta zikaja kubomoa zilizobaki kando ya mto. Maji ikikosekana wiki mbili, tunasifiwa kwa ubunifu wa mitungi. Vijana wakikosa kazi, wanaitwa wapambanaji. Kila mara mtu akisifu uvumilivu wako, angalia mikono yake: kuna kitu alipaswa kufanya na hajafanya. "Matumbawe yana jeni sugu" na "watu wa Eastlands wamezoea" ni sentensi moja imevaa nguo mbili. Zote zinamaanisha: hatubadilishi chochote, nyinyi mtajipanga.

Na usiniambie Kenya haina uwezo kwa sababu moshi wetu ni chini ya asilimia 0.1 ya moshi wa dunia. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana lazima tuwapigie kelele wanaotoa mwingi, pamoja na wanaokuja kuuchimba kwetu. McClanahan na wenzake walionyesha kwamba kuna ukanda wa takriban kilomita 400, kutoka Shimoni hadi Dar es Salaam, ambapo maji baridi ya chini yanapanda kupitia mifereji mirefu ya zamani ya mito na kuyapoza matumbawe. Wanaita kimbilio. Mahali ambapo jeni zinaweza kupumua, mzazi akakomaa, mtoto akarithi. Katikati ya huo ukanda, Chongoleani, Tanga, ndipo panapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwenye hisa kubwa akiwa TotalEnergies ya Ufaransa. Nataka uangalie huo mchoro pole pole. Tumepata chumba chenye kiyoyozi kwa wagonjwa wa joto, na mlangoni tumeegesha meli za mafuta.

Kuna watu watasema Uganda na Tanzania wana haki ya kutajirika na mafuta yao kama Waarabu na Wazungu walivyofanya. Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuitupa. Lakini mvuvi wa Tanga hajauliziwa hisa ngapi anazo, na mafuta yakimwagika hayataulizia jeni za nani ni sugu. Hakuna protini ya mshtuko wa mafuta.

Sasa nifike Lucky Summer, kama nilivyoahidi.

Chukua simu, fungua ramani. Tafuta Mto Nairobi pale unapopita kati ya Korogocho na dampo la Dandora. Unajua pale, upepo ukigeuka unalala na ile harufu. Fuata huo mto kwa kidole. Unaingia Athi. Athi inazunguka, inavuka Ukambani, inapita Tsavo, inaitwa Galana. Ikikaribia pwani inaitwa Sabaki. Inamwaga baharini kaskazini kidogo tu ya Malindi. Na Malindi kuna nini? Hifadhi ya bahari ya matumbawe, iliyotangazwa 1968 pamoja na ya Watamu, za kwanza kabisa Kenya.

Ndio. Bomba letu la uchafu linatokea hapo.

Na tumbawe lenyewe limeandika ushahidi. Matumbawe makubwa yanakua kwa tabaka kama miti, na tope la mto lina bariamu inayoingia kwa mifupa. Watafiti walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa karibu miaka 300, wakasoma tabaka moja moja, wakachapisha 2007. Kwa zaidi ya miaka 100 ya mwanzo rekodi imetulia. Halafu mwanzoni mwa karne ya 20, wakoloni wakikata misitu na kulima milima yetu, tope linaanza kupanda, na halijarudi lilikokuwa. Mnyama asiye na mkono ameweka daftari la serikali zote zilizopita juu yetu.

Nitakuwa mkweli: tope jingi linatoka mashambani, si kwa mtaro wa Lucky Summer, na mto unakimbia umbali mrefu sana kabla ya kuona chumvi. Chupa yako moja haitaua mwamba. Na joto ndilo adui mkuu, hata mto ungekuwa safi kama wa kanisani. Lakini hapa ndipo jeni zinarudi kwa hadithi. Tope linazima mwanga, mwani unapika kidogo. Mbolea na kinyesi vinaleta nitrojeni nyingi kuliko fosforasi, na utafiti umeonyesha mwani uliolishwa hivyo unakuwa dhaifu kwa joto na mwanga. Tumbawe linapauka kwa joto ambalo lingelivumilia. Kumbuka kikao cha dharura cha jeni mamia. Kinaendeshwa kwa nguvu, na nguvu ni chakula. Tumbawe lililochoka na tope linaingia kwa vita ya joto likiwa halijakula. Huwezi kulipunguzia joto kutoka Nairobi wiki hii. Unaweza kuliacha lipigane na adui mmoja badala ya watatu.

Kuna wanaofanya hivyo. Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walijifungia kipande cha bahari cha hekta 30 hivi tangu 2005, wakakataza kuvua ndani, na samaki wakarudi. Hakuna jeni iliyotengenezwa. Waliondoa mzigo mmoja mgongoni. Huko na upande wa Wasini kuna watu wanapanda vipande vya matumbawe kwa mikono, na nawavulia kofia, ingawa nina neno kidogo hapo pia. Kipande ni pacha wa kilikotoka, kama ndizi inavyopandwa kwa chipukizi. Ukichagua tumbawe moja sugu ukalijaza bahari nzima, umepanda shamba la ndugu pacha. Likija joto la aina ingine au ugonjwa, wanaanguka pamoja. Utajiri wa jeni ni kuwa tofauti. Kwa hivyo mfadhili akikuonyesha picha ya vipande elfu, muulize vimetoka kwa wazazi wangapi.

Niliuliza mama anayeuza samaki hapa stejini: "Mama, hii samaki imetoka wapi?" Akacheka. "Hii ni ya Naivasha, mtoto wangu. Hiyo ingine ni ya Uchina. Ya baharini nani atanunua hapa?" Ukweli mtupu. Sisi hatuli changu wala pweza. Mwamba ukifa, sufuria ya Lucky Summer haitajua siku hiyo. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba utalala njaa. Nakuambia tu kwamba wenzako wa Malindi, Watamu na Msambweni watalala, umri wako, na kwamba mto uliowapelekea tope ulipita kwetu kwanza, ukatuua sisi pia njiani.

Maana dampo la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Sikukosea, 2001. Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mito ya Nairobi na Athi isafishwe, na dampo lifungwe ndani ya miezi 6. Kila mvua ikinyesha bado linashuka mtoni. Watoto wa Korogocho wanavuta ule moshi na tunaambiwa wamezoea. Matumbawe ya Malindi yanameza lile tope na tunaambiwa yatazoea.

Ukitaka kuona kwamba kelele inafanya kazi, angalia Lamu. Mahakama iliwapa wavuvi zaidi ya 4,000 fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018 kwa uharibifu wa ujenzi wa bandari, na mwaka uliofuata kibali cha mtambo wa makaa ya mawe kikafutwa. Hawakungoja samaki wazoee. Walienda kortini na karatasi.

Kwa hivyo hii ndiyo kazi ya wiki. Wodi ya Lucky Summer ina MCA, na amekaa kwa bunge la kaunti ile ile yenye dampo. Ukimpata kwa baraza, kwa mazishi, kwa ufunguzi wa taa ya mtaa, usimuulize kuhusu bahari, atakucheka. Muulize hivi, na uwashe kamera: "Mheshimiwa, miezi 6 ya mahakama ilianza Julai 2021. Iliisha lini?"